Taulo Begani

Jumamosi, 8 Novemba 1997. Kasense, Sumbawanga.

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya darasa la tano B. Mwalimu mkuu alikosea kupiga mistari, akataka kulitupa, nikaliomba. Mimi Felisiani nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na sita, na naamini kitu kisichoandikwa hakijafundishwa. Humu nitaandika mafunzo ya Bundala kuanzia leo hadi siku atakapopanda ulingoni Mbeya.

Maana jana alikuja promota. Anaitwa Eustace, katoka Mbeya na viatu ambavyo havijawahi kuona tope, akaingia ghalani kwetu ameshikilia suruali kwa vidole viwili. Ghala hili lilikuwa la chama cha ushirika, mahindi ya vijiji vyote yakipimwa hapa. Tangu wafanyabiashara waruhusiwe kununua mahindi mlangoni kwa mkulima na kuondoka nayo kwa malori yao, ghala limebaki na panya na sisi. Sisi ni vijana kama ishirini ninaowafundisha mchanganyiko nilioupata JKT: ngumi, mateke, kutupana, kukabana chini. Mjini wanauita ngumi-mateke. Nyota wetu ni Bundala. Ameshinda Mpanda, ameshinda Tunduma, amevuka mpaka akashinda Mbala, na hakuna aliyewahi kumfanya agonge mbele ya watazamaji.

Kugonga ndiyo sheria yetu ya kwanza. Ukikabwa, ukiumia, ukiona yamekufika, unagonga mara mbili: kwenye mkeka, kwenye mwili wa mwenzako, popote mkono unapofika. Kisha unashusha mikono. Mwenzako anaachia hapo hapo, hata kama ngumi yake ilikuwa njiani. Hakuna anayeruhusiwa kusema basi kwa niaba ya mwingine. Nilishamfukuza kijana aliyepiga kelele ya basi ili kumwokoa mdogo wake, kwa sababu alimwaibisha. Ukutani nimeandika kwa chaki ASIYEKUBALI KUSHINDWA SI MSHINDANI, na kwa miaka saba hatujapeleka mtu hospitali.

Promota alimtazama Bundala akimtupa Christopha, mzito kuliko wote, akamkaba mpaka Christopha akagonga. Akasema kipaji kinaozea ghalani. Akasema ngumi-mateke ni mambo ya vibanda vya video, hayana mkanda wala hayaandikwi gazetini. Anataka kumwingiza kwenye ngumi za kulipwa: raundi sita, mwezi wa pili, dhidi ya Yonas, bondia wa Mbeya ambaye hata mimi nimelisikia jina lake. Bundala alinitazama mimi. Nikasema tutakuwa tayari.

Jumapili, 9 Novemba.

Otilia amekataa. Otilia ni mdogo wangu wa mwisho na ndiye mke wa Bundala, kwa hiyo huyu bwana ghalani ananiita mwalimu na mezani ananiita shemeji, kutegemea kama ana njaa. Alikataa baada ya misa, huku anapakua maharage, bila kuinua uso. Ana mimba ya miezi minne. Alisema ghala amelizoea kwa kuwa ghalani mtu akizidiwa anagonga, lakini huko kwa watu wa Mbeya hajui kuna nini.

Nilimjibu kama ninavyowajibu wazazi wanaotaka kumwachisha mtoto shule. Nikamwambia Bundala alizaliwa Kaoze kule bondeni, akachunga ng'ombe wa baba yake, akapanda huku juu kuuza maziwa kwa baiskeli, lakini Mungu hakumpa mabega yale ili abebe madumu tu. Akaniuliza nani atakuwa naye siku hiyo.

"Mimi nitakuwa konani," nikasema. "Akigonga tu, yameisha. Namrudisha kwako na meno yake yote."

"Umesema, kaka?"

"Nimesema."

Akaniongezea maharage. Ndivyo anavyokubali.

Jumatano, 12 Novemba.

Mvua.

Alhamisi, 13 Novemba.

Mvua. Bati la ghala linavuja juu ya mkeka, na kwingine kote hakuvuji.

Jumatatu, 24 Novemba.

Tatizo ni miguu. Nimempa gunia la mchanga alipige kwa ngumi pekee raundi mbili, kalipiga teke mara nne. Kila mara anaomba radhi: mguu umekwenda wenyewe, mwalimu. Kwenye ngumi za kulipwa teke moja ni onyo, la pili unafukuzwa ulingoni.

Mama yake, Mama Minza, amekuja na lori la Kaoze kumletea mkwewe samli. Nikampa shikamoo yake, akaketi mlangoni akatazama mazoezi, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akafungua mzigo wake akatoa kamba ya ngozi, ile ya kumfunga ng'ombe miguu ya nyuma wakati wa kukamua. Tumemfunga Bundala vifundoni, nafasi ya hatua moja. Akijaribu kupiga teke anaanguka. Ameanguka mara tisa, na raundi ya mwisho hakuanguka.

"Ng'ombe wa kufungwa hivi hana kosa," Mama Minza akasema. "Anayekamua ndiye mwoga."

Sikumwelewa, na sikumuuliza. Mwalimu hapendi kuuliza.

Jumamosi, 6 Desemba.

Nimeandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari mambo ambayo Bundala anapaswa kuyasahau. Mateke. Viwiko. Kushika na kutupa. Kuinama kumsalimu mpinzani kabla ya kuanza, maana kwa bondia ukiinama unaomba upigwe kichwani. Kila akisahau jambo moja nalikata kwa wino mwekundu. Leo nimekata viwiko. Ni kazi ya ajabu kumfundisha mtu kusahau yale uliyomfundisha mwenyewe, lakini sijawahi kuwa na mwanafunzi msikivu namna hii. Ukimwambia jambo mara moja linaingia mpaka kwenye mfupa.

Jumapili, 7 Desemba.

Redio inasema mvua hii ina jina, Elinino, na imetoka baharini mbali huko. Otilia kasema kama ina jina basi iitwe irudi kwao.

Alhamisi, 25 Desemba. Noeli.

Nyumba nzima imekunywa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, isipokuwa Bundala, aliyekaa na kikombe cha chai kama padri mgeni. Nilimtania kwamba Msukuma asiyekunywa ni ng'ombe asiyekula majani. Akajibu kwamba Mfipa akishika mrija wa kimpumu hata nyumba ikiungua atauliza kwanza kama chungu kimetoka salama. Otilia alicheka akashika tumbo. Nimemtazama mdogo wangu leo nikaona ana furaha, na furaha ile nikaihesabu kuwa kazi yangu.

Jumamosi, 17 Januari 1998.

Hakuna kukimbia barabarani, barabara ni uji. Kwa hiyo nimempeleka shambani kwangu akalime ntumba. Hakuna gunia la mchanga linaloshinda ntumba kwa kujenga mgongo: unageuza udongo na nyasi zake, unazifunika katikati, unarundika mpaka tuta la duara likufike gotini, kisha unahamia lingine. Nyasi zinaozea humo. Mwaka huu unapanda maharage juu yake, na mvua zijazo unayasambaza matuta na kuotesha ulezi. Bundala amenicheka tangu asubuhi. Kwao wanalimisha ng'ombe, sisi tunajilimisha wenyewe. Lakini amerundika ntumba arobaini kabla ya mchana, na mimi kumi na moja.

Tulipokaa kula aliniuliza jambo. Nitaliandika kama alivyolisema.

"Mwalimu, kule mtu akizidiwa anafanyaje?"

Nilikuwa natafuna. Nikamjibu, "Kule hatuendi kuzidiwa."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye jembe.

Ijumaa, 30 Januari.

Idi. Jirani katuletea pilau. Bundala kala sahani mbili, nikamkimbiza mpaka chini ya milima ya Mbizi na kurudi, na mvua ikatukimbiza sote.

Jumamosi, 7 Februari.

Promota kapiga simu posta. Pambano ni tarehe 21. Katutumia kwa dereva wa lori kipande cha gazeti: MKALI WA NGUMI-MATEKE KUMVAA YONAS. Wamekosea jina la kijiji, lakini wameandika "mwanafunzi wa mwalimu Felisiani". Nimekibandika kwa ugali upande wa ndani wa jalada. Leo pia nimekata mateke kwa wino mwekundu. Orodha imekwisha, yote yamekatwa, na kamba nimemrudishia Mama Minza.

Jumatano, 18 Februari.

Tumeondoka. Otilia alitusindikiza mpaka stendi na tumbo lake. Alimfunga mumewe kifungo cha koti. Kwangu alisema, "Kaka, ulisema." Nikamwambia mimi si mtu wa maneno mawili.

Ijumaa, 20 Februari. Mbeya.

Siku tatu njiani. Basi limezama mara tano, na mara zote tano Bundala ndiye aliyekuwa nyuma akisukuma huku kondakta anamwita bingwa. Amefika na mikono imevimba. Promota alisema tunaweza kuahirisha kwa wiki mbili. Niliona ukumbi umeshabandikwa matangazo, jina langu liko chini ya jina la Bundala, nikasema mtoto wa Kaoze hachoki kwa kusukuma basi.

Jumapili, 22 Februari.

Amepigwa raundi ya nne. Yuko hospitali. Hajaamka.

Jumatatu, 23 Februari.

Hajaamka. Nimepiga simu Sumbawanga. Mtu wa posta ameahidi kwenda Kasense kumwambia Otilia.

Jumanne, 24 Februari.

Hajaamka. Daktari anasema damu imevuja ndani ya kichwa. Promota ameleta machungwa.

Jumatano, 25 Februari. Majivu.

Padri kapita wodini, kanipaka majivu kwenye paji la uso, na Bundala naye kampaka ingawa hajabatizwa. Sikumzuia. Leo nitaandika ilivyokuwa, kwa sababu kwa siku nne nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mwamuzi alichelewa kusimamisha, na watu wananipa pole, na pole zao zinanichoma.

Kabla ya pambano mwamuzi alituita chumbani, mabondia wote wawili na watu wa kona. Alieleza taratibu: mtu akianguka anahesabiwa mpaka kumi, mpinzani anaenda kona ya mbali, na kona ikiona mtu wao amezidiwa, inatupa taulo ndani, pambano linakwisha. Alinipa taulo jeupe mkononi. Nilimsikiliza kama ninavyowasikiliza wakaguzi wa elimu, yaani naitikia kwa kichwa huku nawaza mengine. Taulo nikalitupia begani. Nilifikiri moyoni kwamba hizo ni taratibu za watu wasio na adabu, kumsemea mtu mzima basi nyuma ya mgongo wake.

Raundi mbili za kwanza Bundala alikuwa mzuri kuliko nilivyotegemea. Hakuinua mguu hata mara moja, wala hakushika, wala hakuinama. Yale yote niliyoyakata kwa wino mwekundu, yote aliyasahau kama nilivyomwagiza. Ya tatu mikono ikaanza kushuka, ile mikono iliyosukuma basi. Alipokaa kwenye kigoda akaniambia hamwoni Yonas vizuri, anamwona wawili. Nikammwagia maji. Nikamwambia ampige wa katikati. Niliona ni utani mzuri. Hata mimi sijui aliyesema maneno yale alikuwa nani.

Raundi ya nne Yonas alimbana kwenye kamba za upande wa pili, nikaona mgongo wa Yonas na uso wa Bundala juu ya bega lake. Alikuwa anapigwa mbavuni. Bundala akamwegemea. Kisha mkono wake wa kulia ukazunguka, ukagonga mgongoni kwa Yonas mara mbili, taratibu, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha mwaka wa kwanza.

Niliona. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi, kwa sababu ukumbi mzima ule hakuna mwingine aliyejua ni kitu gani. Na nilipoona, Mungu anisamehe, nilijisikia nafuu. Nilisema moyoni: yameisha, amekubali kiungwana, tunakwenda nyumbani. Nikageuka. Nikainama kuchukua ndoo na kigoda, kama ninavyofanya ghalani siku zote mtu akishagonga. Taulo lilikuwa begani mwangu, na likaanguka kwenye ndoo nilipoinama.

Nilisikia ukumbi unaunguruma. Nilipoinua kichwa Bundala amesimama peke yake mbele ya Yonas, ameshusha mikono. Ameishusha mpaka mapajani, amenyooka wima, anangoja kuachiwa. Ukigonga, unashusha mikono, na dunia inasimama. Nani alimwambia hivyo? Yonas alimpiga ya kulia na ya kushoto. Yonas hana kosa. Aliona mtu kaachia uso wazi, na yeye ni bondia.

Orodha yangu ilikuwa na mateke na viwiko na kushika na kuinama. Kugonga sikukuandika. Aliniuliza shambani, kwa kinywa chake, kule mtu akizidiwa anafanyaje, na mimi nilikuwa natafuna.

Jumanne, 3 Machi.

Otilia amefika na Mama Minza kwa lori la mahindi, wiki nzima njiani, miguu imevimba mpaka viatu kavua. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Mama Minza alikaa chini sakafuni, akaanza kumsugua mwanawe nyayo kwa samli, hakuniuliza kitu.

Otilia aliniuliza.

"Aligonga?"

Wauguzi walikuwa wanapita. Nilitazama chupa ya maji iliyotundikwa.

"Hapana," nikasema. "Hakugonga."

Jumatano, 4 Machi.

Nilidhani uongo wangu ungenidhuru mimi. Leo nimekaa nje ya pazia nikamsikia mdogo wangu akimgombeza mtu aliyelala. Anamwambia kwa sauti ndogo, kwa Kifipa, lugha ambayo Bundala huielewa nusu. Kwamba ni mbishi. Kwamba aliona aibu mbele ya watu wa Mbeya, akaona afadhali kufa kuliko kugonga. Kwamba mkono ulikuwa wake, ulimshinda nini kuunyanyua, na ana mtoto anakuja. Kisha analia, kisha anamfuta mate, kisha anaanza upya.

Nilisimama niingie. Nikakaa tena.

Alhamisi, 5 Machi.

Mvua. Amemgombeza tena.

Jumatatu, 9 Machi.

Amefungua macho. Mama Minza kapiga kigelegele wodi nzima ikaamka. Upande wa kulia umekufa, mkono na mguu, na maneno hayatoki. Inatoka sauti moja tu, na sauti yenyewe si yake. Lakini anafahamu. Otilia alipomshika uso, chozi likamtoka jicho la kushoto.

"Mbishi wewe," Otilia akamwambia. Bundala alimtazama mkewe, kisha akanitazama mimi. Nikatoka nje kutafuta chai.

Jumamosi, 21 Machi. Kasense.

Tumerudi. Tulimlaza juu ya magunia, na basi lilipozama abiria wote walishuka wakasukuma, yeye peke yake akabaki ndani. Christopha na vijana wa ghala walitupokea stendi wamevaa nguo zao za mazoezi. Walijipanga wakainama, ile salamu niliyoikata. Bundala aliwatazama, akageuza uso ukutani mwa basi.

Jumanne, 24 Machi.

Maharage kwenye ntumba zake yamechanua. Zangu zimeliwa na konokono.

Jumapili, 29 Machi.

Majirani wanakuja kumpa pole. Otilia anawaeleza jinsi ilivyokuwa, kama nilivyomweleza mimi: ubishi tu, shemeji zangu, mkono aliuona mzito kuunyanyua. Mzee mmoja akasema sikio la kufa halisikii dawa. Bundala yuko kwenye kiti, anasikia. Na mimi niko pembeni yake, nakunywa chai ya mdogo wangu.

Namwona Otilia anabadilika. Zamani alikuwa anapenda kwa kelele na ugomvi wake ulikuwa mchezo. Sasa anamlisha mumewe kama mtu anayelipa faini. Anamfuta kinywa kwa nguvu kidogo. Mimi ndiye niliyemfundisha kumchukia.

Alhamisi, 9 Aprili. Alhamisi Kuu.

Amejifungua msichana, salama. Mama Minza alitaka jina la kwao, Otilia akataka la ubatizo, wakapatana Mariana. Walimlaza kifuani kwa baba yake upande unaohisi. Bundala alitoa ile sauti yake mara nyingi, mfululizo.

"Mwambie ulivyokuwa mbishi," Otilia akasema. "Mwambie mwenyewe akikua, maana mimi nitamwambia."

Nikajua siwezi tena.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka.

Sikwenda kukomunika. Otilia kaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 18 Aprili.

Nimekwenda ghalani peke yangu, nimefuta maandishi ya ukutani kwa kitambaa cha maji. Yanasomeka bado. Chaki ya miaka saba imeingia kwenye saruji.

Jumapili, 19 Aprili.

Nimemwambia.

Alikuwa anaanika nepi. Mvua imekatika siku mbili, na kila mwenye kamba anaanika. Nilisimama upande wa pili wa nguo ili nisimwone, nikamweleza yote: mkono ulivyozunguka, mara mbili, mgongoni, nilivyoona, nilivyogeuka kuchukua ndoo, alivyoshusha mikono. Taulo. Swali la shambani. Na uongo wa wodini, kwamba aligonga na mimi nilisema hakugonga.

Otilia hakupiga kelele. Aliendelea kuanika mpaka beseni likawa tupu. Kisha akasogeza nepi moja pembeni, nikauona uso wake. Katika miaka ishirini na sita tangu azaliwe nikimbeba mgongoni, sijawahi kuuona uso ule.

"Siku arobaini na saba nimemtukana," akasema. "Kila siku. Na yeye anasikia, hawezi kunijibu."

"Otilia."

"Aligonga, kaka. Alitaka kurudi kwangu. Wewe ulijua kwamba alitaka kurudi, ukaniachia niamini hakutaka."

Nikapiga magoti pale kwenye tope. Akaniambia niinuke, nguo zitachafuka, kama vile anamwambia mtu asiyemjua. Alichukua beseni akaingia ndani. Kupitia dirishani niliona amekaa sakafuni mbele ya kiti cha Bundala, kaweka kichwa chake mapajani mwake, na ule mkono wa kushoto umetua juu ya kilemba chake. Sikusikia waliyosema. Hayakuwa yangu kuyasikia.

Jumatatu, 20 Aprili.

Otilia hajaniamkia. Mama Minza ndiye aliyeleta uji nje. Alisema mwanawe yuko shambani, amepelekwa apate jua, na kwamba kama nina maneno niyapeleke huko, nisiyalete kwenye nyumba ya mzazi.

Nilimkuta kwenye kiti chake kati ya ntumba zake mwenyewe. Ni kubwa kuliko zote shambani, maharage yamezifunika, na ndani nyasi zinaendelea kuoza zikingoja ulezi ambao si yeye atakayeusambazia udongo. Nilikaa chini mbele yake, goti langu likigusa goti lake.

Nilianza mwanzo. Nilimwambia niliona. Nilimwambia mkono wake ulifanya vizuri, haukukosea hata kidogo, ulifanya kama alivyofundishwa, na kosa lilikuwa la mwalimu. Nilimwambia habari ya taulo. Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kifipa, na yale maneno machache ya Kisukuma aliyonifundisha kwa utani nikayatumia nayo. Nilimwambia nitalima mashamba yake yote. Nilimwambia nitamlea Mariana, nitamsomesha, nitamwambia ukweli wa baba yake. Nilipomaliza nikaanza upya, kwa sababu kila nilipofika mwisho niliona sijasema kitu. Nilisema niliona, nikasema tena niliona, nikamshika magoti, nikawa nasema tu, siwezi kuacha, jua likapanda mpaka juu ya kichwa.

Hapo mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka kwenye blanketi. Ulichukua muda. Ukatua begani mwangu, pale pale lilipokuwa taulo, ukagonga mara mbili.

Nikanyamaza. Nikashusha mikono.